Mwandishi wa Kazi Hizi

"Soma polepole, Mwenyekiti," Daktari alisema. "Karani asipitwe na neno."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. Si kawaida ya mtu anayetukanwa kuomba matusi yarudiwe, lakini yeye hilo halikumkosesha usingizi. Akairudia barua ya msomaji wa nje tangu mwanzo, safari hii akilitafuna kila neno.

"Mwandishi wa kazi hizi hajui kutofautisha kiini cha dunia na kiinimacho. Grafu zake ni za kubahatisha. Hoja zake zimesimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe umevunjika."

Mwanasheria wa chuo alichekea puani. Mjumbe wa tatu, mwanakemia mzee, alikuwa anatafuta pa kuweka kikombe chake. Karani aliandika, kichwa chini.

Aliyekuwa anajadiliwa ni Daktari, naye alikuwa ameketi hapo hapo. Miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja. Tetemeko likipiga upande wa pili wa dunia, mawimbi yake hupenya katikati kabisa, kwenye kiini, ndipo yafike kwenye mashine yake chini ya jengo la jiolojia, naye huyapima. Huko ndani hafiki mtu, aliwaambia wanafunzi, kwa hiyo tunatega sikio. Alikwisha kupima matetemeko mia nne na ushee. Vyuo vya mbali vilifundisha vipimo vyake, lakini hapa kwao bado alikuwa Daktari tu, na baada ya miezi minane angestaafu akiwa Daktari vilevile.

Aliyeushika mlango wa uprofesa alikuwa huyu huyu Mwenyekiti, mwenzake wa fani moja. Wanafunzi walimwita Kokwa, kwa sababu kila mwaka alipasua parachichi mbele yao na kuwaambia hii ndiyo dunia. Daktari alipoomba cheo mara ya kwanza, Kokwa alisema kazi zake ni chache. Mara ya pili alisema ni nyingi mno, zimelipuliwa. Mara zote mbili barua ya tathmini ilitoka kwa rafiki yake wa chuo jirani, na maneno yalikuwa karibu yale yale. Daktari alimchukia mtu huyu, tena chuki ya waziwazi, ya kula nayo chakula cha jioni.

"Dada, usiende," mdogo wake alimwambia asubuhi, akimfungia kifungo cha mgongoni. "Wanakuita wakuvue nguo mbele za watu. Si umesema wameshaamua?"

"Wameshaamua tangu mwaka juzi."

"Sasa unafuata nini?"

"Nafuata saini zao."

Mdogo wake alisonya, akamalizia kifungo.

Utaratibu wa chuo ulikuwa hivi: mwombaji hukusanya kazi tatu, majina yamefutwa ili msomaji wa nje asijue anamhukumu nani. Karani hutengeneza bahasha mbili, moja ya msomaji, moja ya Mwenyekiti. Hii ya pili ilikuwa mezani sasa, na gundi yake ilikuwa nzima.

"Wala si msomaji peke yake," Mwenyekiti alisema, akiikunja barua. "Mimi mwenyewe nimezisoma, mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi." Akaigonga bahasha kwa kidole. "Nimeona aibu kwa niaba ya fani nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea hizi, namrudisha kwao."

"Zote tatu?" Daktari aliuliza.

"Zote tatu."

"Hata ile ya mpaka wa kiini?"

"Hasa hiyo."

Mwanakemia alikohoa. "Mama wa watu amebakiza miezi minane. Hatuwezi kulisema kwa upole kidogo?"

"Mzee, hapa si msibani," Mwenyekiti alimjibu.

Mwanasheria alimgeukia Daktari. "Una la kusema?"

"Sina la kupinga. Nakubaliana na msomaji neno kwa neno." Sauti yake ilitetemeka, na Mwenyekiti alionekana kuifurahia. "Nina ombi moja. Kwenye muhtasari msiandike jina langu. Wanangu wawili wanasoma hapa hapa, watatajiwa kila kona. Andikeni 'mwandishi wa kazi hizi', inatosha."

"Tumpe hilo," Mwenyekiti alisema. "Hatuna roho mbaya kiasi hicho."

Karani akasoma alichoandika: "Kikao kimeridhika kwamba kazi hizi tatu hazifikii kiwango, na kwamba mwandishi wa kazi hizi hastahili cheo cha profesa katika chuo hiki."

"Ongeza 'sasa wala baadaye'," Mwenyekiti alisema.

Likaongezwa. Mwenyekiti alisaini wa kwanza, kwa mbwembwe, na mkia wa saini yake ukavuka mstari. Mwanasheria akafuata, halafu mwanakemia, aliyesaini bila kumtazama mtu. Mwanasheria akagonga muhuri kwenye nakala zote tatu na kukumbusha kwamba muhtasari ukishapigwa muhuri haubadiliki. Nakala moja ya kwenye jalada, moja ya Makamu Mkuu wa Chuo, moja ya mwombaji. Daktari aliisoma ya kwake mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaitia mkobani na kufunga zipu.

"Haya, mama," Mwenyekiti alisema, akimsukumia bahasha. "Chukua kazi zako ukapumzike."

Daktari alisimama bila kuigusa.

"Zangu ziko kabatini kwangu, sijazitoa," alisema. "Hizo ni zako, Profesa, zile tatu zilizokupa cheo. Mimi nilifuta jina tu."