Zamu ya Mke Mdogo

Hata kwenye treni, mke mdogo ndiye aliyepata dirisha. Mke mkubwa alikaa upande wa njia, mfuko wa nguo za mume magotini, na kila aliyepita alimgonga bega. Hakulalamika. Tangu mume wao alazwe, wiki tatu sasa, hakuwa amepata usingizi wa kueleweka.

Walikuwa wanakwenda kumchukua hospitali. Ndivyo walivyotoka nyumbani asubuhi, na ndivyo mke mdogo alivyojua mpaka sasa. Shati la kijani lililokuwa ndani ya mfuko alilichagua yeye, baada ya ubishi mrefu.

Lakini treni ilipoanza kupanda mlima, simu ya mke mkubwa ililia. Alikuwa muuguzi.

"Pole sana, mama. Mzee ametutoka leo alfajiri."

"Haya, asante," alijibu mke mkubwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akaizima simu. Mke mdogo alikuwa anatazama ng'ombe nje, hakusikia.

Sasa kazi ilibaki moja, kumwambia. Ilibidi aume jongoo kwa meno, na meno yakagoma. Tukivuka daraja nitasema, akajipa moyo.

Daraja lilikuja. Chini kabisa mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, na mteremko wote ulikuwa kijani mpaka mtu anasikia baridi kwa kuutazama tu. Mume wao alikuwa fundi wa reli. Njia hii aliitembea kwa miguu miaka thelathini, nyundo begani, akikaza kila kilicholegea. Siku alipomleta mke mkubwa, bi harusi, kwa treni hiihii, hakumwambia neno hata moja la mapenzi. Alimwonyesha daraja akasema, "Hizo nati nimezikaza mimi. Usiogope." Kwa mtu yule, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi, na mke mkubwa aliishi nayo.

Daraja likapita. Hakusema.

Mke mdogo yeye hakuujua ukimya huo wa mume. Alikuja miaka sita iliyopita, siku ya mvua, hana hata nguo ya kubadilisha. Na aliyemleta, makubwa haya, ni binti yao wenyewe wa mwisho, aliyekaa miezi michache, akarudi mjini kwenye kazi yake, akamwacha hapohapo. Majirani walisema mpaka midomo ikawauma. Mume ndiye aliyekata shauri. "Huyu mke mdogo, wewe mke mkubwa. Nisisikie ugomvi."

Ugomvi ulikuwepo, tena wa kila siku. Mwanamume ambaye hakuwahi kumshika mkewe mkono mbele za watu sasa alikwenda sokoni na mke mdogo wameshikana mikono, saa sita mchana, dunia nzima inaona. Alimpulizia chai ipoe. Alimkata kucha. Mke mkubwa aliona wivu, wivu wa kweli, wa mtu aliyengoja vitu hivyo miaka arobaini akashuhudia vinapewa mwingine. Na bado alimpenda mwenzake huyo, wala hakujua angemwambiaje.

Mkaguzi wa tiketi akafika.

"Safari ya wapi, akina mama?"

"Kumchukua mume wetu," alijibu mke mdogo.

"Wenu wote wawili?" Mkaguzi alicheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Basi huyo mzee mwanamume kweli! Mpeni salamu zangu."

"Nitampa mimi," alisema mke mdogo.

Mke mkubwa alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mkono wake ulikuta kola ya shati, ukabaki hapo.

Likaja handaki. Gizani nitasema, aliwaza, uso wangu hatauona. Giza lilipowafunika, mke mdogo alimshika mkono kwa nguvu.

"Mwenzangu, upo?"

"Nipo."

Hakuweza zaidi ya hilo. Walipotoka, bonde lote lilikuwa wazi mbele yao, mashamba na mabati ya nyumba yanang'aa, na mwanga ukamuumiza macho.

"Akirudi, zamu ni yangu," alisema mke mdogo. "Wewe umekuwa naye siku nyingi."

"Sawa."

"Kiti chake kitakuwa upande wangu. Na redio nitamshikia mimi."

"Sawa, mwenzangu."

Mke mdogo akageuka kutoka dirishani. "Mbona leo hunibishii?"

"Nimechoka."

"Sema basi kwamba mume ni wako."

"Ni wako," alisema mke mkubwa. "Leo nimekuachia."

Ulikuwa ushindi ambao mke mdogo aliupigania miaka yote, lakini hakuonekana kuufurahia. Alimwangalia mwenzake, akaangalia mfuko, mpaka breki zilipoanza kulia.

Kwenye steshini mke mkubwa alitangulia kushuka, akampokea mwenzake, wakasogea kando watu wapite. Hapakuwa tena na daraja wala handaki la kusingizia. Akaweka mfuko chini. Akapiga magoti kwenye saruji, na hapo ndipo macho yao yakalingana.

"Mjukuu wangu," akasema.

Katika miaka yake yote sita, mtoto hakuwahi kuitwa hivyo na bibi yake. Akaanza kulia kabla hajaambiwa neno lingine.