Dambeli ya Katibu

Meneja alikuwa amepiga magoti katikati ya duka la vifaa vya wanyama, futi kamba ya fundi cherehani mkononi, akimpima mbwa wake mdomo.

"Sentimita saba na nusu," alitangaza. "Andika."

Mwenye duka, mama mwembamba mwenye miwani, hakuandika. Aliyeandika ni mke wa Meneja. Kisha wanawake hao wawili wakasaidiana kumwinua, maana Meneja alikuwa amestaafu na kila kitu alichokipata kazini, kikiwemo kitambi.

Mbwa aliitwa Katibu. Kazi yake kubwa ilikuwa kulala chini ya benchi, na hakuna aliyemlaumu mpaka siku shemeji, kaka yake mke wa Meneja, alipokuja na kujisifu kwamba mbwa wake humletea gazeti kutoka getini.

"Wa kwako je, shemeji? Au yeye hulisoma hukohuko?"

Watu walicheka mpaka machozi. Meneja alivimba. Akaapa mbele ya wote kwamba baada ya miezi miwili Katibu ataleta chochote atakachorushiwa, tena kwa adabu: ataketi mbele yake na kumkabidhi mkononi.

Ndipo ikatakiwa dambeli, kile kijiti cha mbwa kung'ata katikati, chenye kichwa kila upande.

"Kijiti kikiwa kirefu, dambeli itamlalia upande," mwenye duka alieleza. "Kikiwa kifupi, vichwa vitambana mashavu. Na vichwa vikiwa vikubwa mno vitamziba macho."

"Mama, mimi nimeongoza wafanyakazi mia mbili na sitini," alisema Meneja. "Nitashindwa na mmoja?"

Akachagua ya mbao, nyepesi.

Asubuhi iliyofuata aliirusha uani. "Leta!"

Katibu aliitazama ikiruka, akaitazama ikitua, kisha akamtazama Meneja kama anayengoja kuambiwa kilichobaki. Meneja alisubiri. Alipochoka kusubiri, akaifuata mwenyewe, akaiokota kwa kuguna, akarudi nayo.

"Umeona? Hivi!"

Akarusha tena. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameifuata mara kumi na mbili, na Katibu alikuwa amepewa onyo la kwanza, la mdomo.

"Usimwonee bure, baba watoto," mkewe alisema kutoka dirisha la jikoni. "Labda kosa ni la dambeli. Hiyo inaanguka palepale miguuni, mbwa haoni kama ni kazi. Tafuta inayofika mbali."

Wakarudi dukani. Ya pili ilikuwa ya plastiki, ya rangi ya chungwa, na ilidunda vizuri sana. Ilidunda hadi kwenye ua wa jirani, na Meneja akaizungukia nyumba nzima kwenda kuiomba. Ya tatu ilikuwa ya mbao ngumu, yenye uzito wa kupendeza. Hiyo mkewe alishauri ipelekwe uwanjani nyuma ya nyumba, maana ua ni mdogo na mbwa mwenye akili hubanwa na mahali padogo. Yeye mwenyewe alibeba kiti na mwavuli, akakaa pembeni kutia moyo.

"Usikate tamaa. Leo ametikisa sikio."

Siku moja Katibu aliinuka kabisa, akaenda hatua mbili. Mkewe Meneja akakohoa, na mbwa akarudi kuketi. Meneja aliumia roho.

"Umemshtua!"

"Nisamehe, baba watoto. Vumbi."

Onyo la pili Meneja aliliandika kwenye karatasi, akalibandika juu ya benchi. Onyo la tatu alilisoma kwa sauti. Wiki ya sita aligundua mbinu mpya: pengine Katibu haoni haraka ya jambo hili, kwa hiyo aoneshwe haraka. Tangu hapo Meneja akawa anakimbia. Alikimbia kwenda, akakimbia kurudi, mara arobaini kila asubuhi, dambeli kifuani, na watoto wa mtaani wakampigia makofi.

Jumamosi ya ahadi ikafika. Shemeji alikaa kwenye kiti cha mbele, chai mkononi, kicheko kikiwa tayari usoni. Meneja alijifunga mkanda kwenye tundu jipya alilolitoboa kwa msumari, akamwomba Mungu kimoyomoyo, akarusha.

"Leta!"

Katibu alimtazama mke wa Meneja. Naye alipunga mkono kidogo, kama anayefukuza nzi.

Mbwa akafyatuka kama mshale. Akaing'ata dambeli katikati sawasawa, akarudi, akaketi wima mbele ya Meneja na kumkabidhi mkononi, polepole, kama mhudumu wa hoteli kubwa. Shemeji alijimwagia chai.

Nusu saa nzima Meneja alihutubia. Alieleza upana wa kijiti, ukubwa wa vichwa, mbao dhidi ya plastiki. "Lakini siri yenyewe, shemeji, ni kumjua mwanafunzi wako. Mfundishe bila yeye kujua kwamba anafundishwa. Hilo si kila mtu analiweza."

Akaingia ndani mbiombio kuchukua zile dambeli nyingine, ili shemeji azishike ajionee. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Mkewe alikuwa ndani, ana simu sikioni, sauti ameishusha.

"Amepungua kilo kumi na mbili kamili, daktari, nimempima jana. Presha pia imeshuka... Mbwa? Ah, mbwa alifuzu siku ya tatu. Huyu mwingine ndiye aliyenichukua miezi miwili."