Soksi ya Kupima Moyo

Kitwana alizikodolea macho mashine tatu za kumwangalia mtoto, kichwa kikimzunguka. Moja ilikuwa na kamera, nyingine ilinasa kilio, na ya tatu ilikuwa soksi ndogo ya kupima mapigo ya moyo, pamoja na kisanduku cha kutoa king'ora.

"Mwanao analala wapi, kaka?" muuzaji aliuliza.

"Mikononi mwa mama mkwe. Hajatimiza arobaini, hawekwi chini."

"Sasa soksi ya nini?"

Kitwana aliigeuzageuza soksi ile mkononi. Siku ya kumi na mbili hiyo tangu mtoto azaliwe, naye hajampakata mwanawe hata mara moja, akihofia kumvunja.

Muuzaji akamvisha Kitwana soksi kidoleni, kumwonyesha tu. Kisanduku, kikiyaona mapigo ya mtu mzima ya polepole mno kwa mtoto, kikaanza kulia. Wateja wakageuka.

Kitwana akakinyakua, akakipakata kifuani, akakitikisa taratibu.

"Basi, baba, basi. Nipo."