Mche Katikati ya Mahindi

Nilikuwa napalilia kando ya mahindi ya jirani yangu Amsin nilipouona: mche wa kakao, majani yake ya juu bado mekundu na malegevu kama sikio la mtoto mchanga.

Shamba ni langu. Nilipomwazima, Amsin aliomba msimu mmoja wa mahindi tu. Mahindi huvunwa yakaisha, lakini huku kwetu mlimani aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi. Kakao ikishashika, hata wazee wa kijiji hawakusikilizi.

Nikaushika shinani. Ulikuwa haujashika mizizi, vidole viwili vingetosha kuung'oa.

"Bibi! Mbona umeinama hivyo, umeangusha jino?" Amsin alikuwa anapanda mteremko na kikapu chake cha mihogo mgongoni.

"Hiki nini, Amsin?"

Akatazama pembeni. "Huo? Wa kivuli tu, Bibi."

"Kivuli cha sisimizi?"

Akacheka. Akatua kikapu, akanichagulia mhogo mnene, kama afanyavyo kila asubuhi akipita.

Wanangu wote wako Malaysia kikazi. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho huku juu, na hakuna mwingine anayepanda kuja kuniuliza nimelalaje. Nikiung'oa mche huu, naye hatakuja tena.

Vidole vyangu vilikuwa bado shinani. Nikavuta udongo, nikaushindilia taratibu kuzunguka mche.

"Umeupanda juu juu mno," nikamwambia. "Lete maji."