Kumtafunia Magesa

Kila jioni Kulwa alichukua bakuli la mwanawe akalipeleka kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Mama, naomba umtafunie."

Mama mkwe wake, Wankyo, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda nje ya jiko lao kule Butiama, amembana mjukuu wake Magesa katikati ya magoti. Alipokea bakuli huku anacheka.

"Wewe mama Magesa, hayo meno umeazima? Watu wa Bunda nyie! Kuzaa mnajua, kumtafunia mtoto mnaona kinyaa."

"Sijui kutafuna vizuri, mama. Namwachia miba."

"Eti miba! Lete hapa, uone kazi ya mdomo."

Wankyo alitia kinywani kipande cha samaki aina ya furu na tonge la ugali wa muhogo, akatafuna taratibu mpaka vikalainika, akavitoa kwa kidole akamlisha mtoto. Magesa akameza, akafungua mdomo tena kama kifaranga.

Kulwa alisimama pembeni akiwatazama. Alitamani sana angekuwa yeye.

Alipokuwa na mimba ya Magesa, kliniki ya mjini Musoma walimpima wakamkuta ana virusi. Wakati ule fizi zake zilikuwa zimevimba, akipiga mswaki mate yanatoka mekundu. Walimtibu fizi, wakamwanzishia dawa za kila siku. Nesi Kwangu alimshika bega akamwambia, "Utamnyonyesha, na dawa usiache. Akianza kula, asitafuniwe. Umenielewa?"

Kulwa alielewa. Mdomo wake haukuwa mdomo wa kumkaribia mtoto.

Fizi zilipona. Dawa hakuruka hata siku moja. Hofu ndiyo haikupona. Hakuonja uji wa Magesa, kijiko chake alikitenga, na hata kumbusu alimbusu kisogoni tu. Mumewe Eliud, aliyekuwa akibeba mizigo kivukoni Kisorya, alijua yote, naye alikuwa anakunywa dawa zake huko huko. Walikubaliana mama asiambiwe. Alikuwa amemzika mumewe, mzee Masatu, aliyekohoa na kukonda mpaka akaisha, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kunyamaza. Magesa ndiye aliyemrudishia kicheko. Nani angethubutu kumwambia habari nyingine ya kumliza?

Basi Kulwa akavumilia. Kisimani wanawake wenzake walimwita mzungu kwa kutomtafunia mwanawe, akacheka nao, akajitwika ndoo yake akaondoka. Moyoni alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mcheshi, mwenye nguvu zake, meno yote yapo.

"Zamani nilikuwaga namenya muwa kwa haya meno," Wankyo alipenda kujisifu. "Mzee Masatu alikuwaga ananiogopa!"

Siku hizi muwa hakuugusa. Alisema unamchosha. Akimaliza kumlisha mtoto alisukutua kwa maji ya chumvi, akatema nyuma ya jiko, akafukia kwa mguu. Kulwa aliona ni usafi wa watu wa zamani.

Magesa alipoachishwa ziwa alipimwa, akakutwa hana kitu. Kulwa alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, akafika akasema vumbi limemwingia machoni. Kilibaki kipimo kimoja cha mwisho. Mtoto akivuka hapo, amevuka.

Kabla siku yenyewe haijafika, Magesa akaanza homa. Akaharisha. Mdomoni kukaota utando mweupe usiofutika. Wankyo akajifunga kanga.

"Safari hii tunakwenda wote. Mjukuu wangu aumwe, mimi nimekaa tu nyumbani? Haiwezekani."

Musoma, bibi aliachwa kwenye benchi la nje. Ndani, Nesi Kwangu alipima, akapima tena. Kisha akavuta kiti karibu na Kulwa mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama Magesa, safari hii ameonekana anavyo."

Kulwa hakupiga kelele. Alimbana mtoto kifuani, halafu akamlegeza, kama aliyekumbuka kwamba hastahili kumshika.

"Ni mimi," alisema. "Ni maziwa yangu."

"Siyo maziwa. Alipoacha ziwa alikuwa mzima. Na wewe dawa zimefanya kazi, virusi vyako havionekani kabisa kwenye damu." Nesi akatazama ule utando mdomoni mwa mtoto. "Huyu mtoto analishwa na nani?"

"Na bibi yake. Mimi simtafunii, nesi. Nakuapia kwa Mungu, sijamtafunia hata tonge moja."

 Nesi Kwangu akanyanyuka polepole, akafungua mlango, akamwita yule mama wa benchini.

Wankyo aliingia ameshanyoosha mikono ampokee mjukuu. Nesi akamwomba akae kwanza, afungue mdomo. Akammulikia tochi. Akagusa fizi kwa pamba, kidogo tu. Pamba ikarudi nyekundu.

"Bibi, hizi fizi zimeanza kutoa damu lini?"

Wankyo alifunga mdomo haraka, akaufunika kwa kanga. Alimgeukia mkwewe kwa aibu, kama mtoto aliyefumaniwa anadokoa sukari.

"Tangu mzee yuko mgonjwa," alisema. "Usinikasirikie, mama Magesa. Nilificha tu. Nilijua ukiiona damu, utaninyima mtoto."