Mshonaji-Mwimbaji

Sheria ni moja: ukitimiza miaka thelathini unachagua fani moja, nyingine zote zinafutwa kichwani mwako, pamoja na kumbukumbu zake. Mke wangu Tausi alichagua cherehani. Mimi ndiye niliyemshauri.

Jumamosi, tukipanga kabati, akaokota kadi za mchezo wetu wa ujana. Enzi hizo tulikaa mkekani na marafiki, tukirusha dadu na kupigana na majoka ya kubuni. Wenzetu walitosheka kuwa shujaa au mchawi. Tausi hakutaka mmoja tu. Aliunganisha wawili katika mhusika mmoja, na kila muungano aliupa udhaifu, mchezo uwe wa haki.

Akasoma: “Mshonaji-Mwimbaji. Akiimba, uzi huingia sindanoni wenyewe. Udhaifu: ukimtenganisha, anabaki nusu.”

Akacheka. “Baba Nuru, aliyebuni huyu alikuwa na kichwa! Nani?”

Mwandiko wake mwenyewe, na hakuutambua.

“Jirani wa zamani,” nikasema. “Alihama.”

“Alijua kuimba?”

“Sana.”

Akaketi kwenye cherehani, akalamba ncha ya uzi. Ukamkwepa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.