Yasmini ya Nakijwa

Jumatano, tarehe 14 Aprili 2083, saa tatu asubuhi, ndipo watu wa Idara ya Asili walipoing'oa yasmini ya marehemu mke wangu, Nakijwa.

Sheria yao inajulikana: kila mmea wa maua uishi pale babu yake wa kwanza alipochanulia. Nakijwa aliileta siku tulipooana, kijiti kutoka uani kwa mama yake, amekifunga kwenye pindo la kanga. Miaka arobaini na mmoja ilitambaa juu ya dirisha la jiko letu hapa Ugweno. Kila Ijumaa alichomeka ua moja nyweleni, akaniuliza kama bado namwona. Nami, mjinga, nilijifanya sisikii.

Walikuja wawili. Mmoja, binti, alichoma jani kwa sindano, akasoma mashine yake.

"Babu, usiwe na wasiwasi. Vinasaba vinasema ni ya milimani huku huku. Inabaki."

Mwenzake alikuwa anahesabu petali. Akacheka. "Inabaki wapi, dada? Tazama umbo la ua. Hii ni ya pwani."

"Macho yako yanaishinda mashine?"

"Mashine yako imewahi kunusa ua?"

Waliposhindwa kukubaliana waliing'oa na mizizi yake, wakaitia kwenye gunia mpaka wakubwa waamue. Wakubwa wanakunywa chai na kuahirisha vikao, mwaka wa tatu huu. Nimekwenda ofisini kwao mara sita kuuliza jambo moja tu: wakati mnabishana kwao yasmini ni wapi, nani anaimwagilia maji?